Maswali Yenu: Baiskeli ya Chuma ya Kila Kazi

Niliwahi kusema hapa kwamba sina baiskeli mbili. Ninayo moja, fremu ya chuma ya mtumba yenye usukani wa pembe, na hiyo hiyo ndiyo ya sokoni, ya Muheza na ya barabara ya Pangani. Kwa mtu wa Tanga si jambo la kujisifia, mji mzima huu unaendesha baiskeli. Lakini barua zimemiminika. Wengi mmeuliza bei. Bei mwulizeni anayeuza.

Shikamoo fundi. Hapa Morogoro nimeonyeshwa baiskeli ya resi ya mtumba. Muuzaji anasema fremu ni Reynolds halisi, ndiyo maana ghali. Nitajuaje?

Marahaba. Anza na sumaku. Ikinasa, umejua ni chuma, na bado hujajua kitu, maana hata kitanda cha bweni ni chuma. Reynolds ni watengeneza mabomba wa Birmingham, Uingereza. Bomba lao lililovuma kuliko yote, 531, lilitoka mwaka 1935: chuma chenye manganizi na molibdenamu, chembamba katikati na kinene kwenye ncha, pale mabomba yanapoungana. Stika ya 531 yeyote anaweza kuibandika. Chomoa nguzo ya kiti usome namba iliyogongwa. Ukikuta 27.2, hizo ni milimita, na mara nyingi bomba lililoibeba ni jembamba na zuri. Ukikuta 25.4, mara nyingi ni chuma cha kawaida, kizito kidogo, wala si dhambi.

Ila jina la chuma mimi ningeliweka la tatu. La kwanza, pitisha kidole upande wa chini wa bomba la chini, lile linalotoka kwenye pedeli kwenda mbele, pale linapokutana na bomba la usukani. Ukigusa tuta, au ukaona rangi imepasuka kwa mstari unaokata bomba, baiskeli hiyo ilishagonga kitu kwa mbele. Mshukuru muuzaji, ondoka. La pili, chukua uzi. Ufunge kwenye sikio moja la nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, uuzungushe mbele ya bomba la usukani, uurudishe kwenye sikio la pili. Sasa pima kutoka bomba la kiti hadi kwenye uzi, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana milimita mbili tatu, fundi anayejua kazi anaweza kuinyoosha, na hiyo ndiyo heri ya chuma. Alumini ukijaribu hivyo unaitafutia ufa.

Naishi Mji wa Kale, Mombasa. Fremu yangu naifuta kila siku na bado nimeona maji ya kahawia yakitoka chini ya pedeli. Nifanyeje, fundi?

Bi mkubwa, unafuta upande ambao hauna tatizo. Kutu ya pwani huanzia ndani. Mvua inaingia kupitia bomba la kiti, unyevu wa usiku unajikusanya ndani ya mabomba, na yote hushuka hadi kwenye ekseli ya kati, palepale ulipoona kahawia. Mpe fundi atoe ekseli hiyo, asafishe, atazame kwa tochi. Unga mwekundu tu si msiba. Bisibisi ikizama ndani ya chuma, huo ni msiba.

Ikishakauka, tia dawa. Wengi wetu hukimbilia oili chafu ya gari. Inasaidia, lakini ni uchafu mtupu na inavujia nguo miezi mitatu. Mimi natumia mafuta ya kitani, yale yaliyochemshwa ya kupaka mbao, yanapatikana kwenye maduka ya rangi. Mimina kidogo katika kila bomba, geuza fremu juu chini, kushoto kulia, kama unayesuuza chupa, kisha iache ichuruzike siku mbili. Yanakauka na kuacha utando. Tambara ulilofutia usilikunje ukalitupa kona, lianike peke yake nje. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto na tambara lililofungana linaweza kujiwasha moto. Angalia pia kama chini ya ekseli ya kati kuna tundu la kutolea maji. Kama limezibwa na tope, lizibue.

Halafu nguzo ya kiti. Kama ni alumini ndani ya bomba la chuma, na hewa ina chumvi, viwili hivyo vitashikana mpaka uvione kama kimoja. Yangu niliiacha miaka mitatu bila kuigusa. Nikaja kuitoa kwa msumeno wa chuma, naikata kwa urefu kutoka ndani, siku mbili, majirani wakinipa pole. Sasa naichomoa kila baada ya miezi mitatu na kuipaka grisi.

Baiskeli yangu ni 700C. Muuzaji wa Arusha ameniapia tairi la 28 ni hilo hilo. Nimelivisha, linapwaya.

Alikuapia kwa nusu ya ukweli. Hizo 28 na 700 ni majina ya zamani, na majina ya zamani yamezaa watoto wengi. Tazama ubavuni mwa tairi, kuna namba mbili zenye kistari katikati: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, zote kwa milimita. Yako inataka 622. Ulilonunua bila shaka ni la 28 × 1½, la Phoenix na Hero za kubebea mizigo, na hilo ni 635. Milimita 13 zinapwaya, tena zinaua. Livue kabla hujapanda. Na ukikuta baiskeli ya zamani ya Kiingereza imeandikwa inchi 27, hiyo ni 630, ukoo mwingine kabisa.

Habari njema ni kwamba baiskeli za milimani zinazoitwa 29 nazo ni 622. Ukikosa tairi la resi mjini kwako, ulizia la 29 lililo jembamba, kisha upime kama fremu ina nafasi. Na tyubu usiihangaikie sana, inavutika: ya 635 hukaa ndani ya 622 bila ugomvi.

Hapa niseme jambo litakalowaudhi wapenzi wenzangu wa chuma. Tunapenda kusema chuma kinameza mashimo. Kidogo sana. Fremu ni pembetatu mbili, hazinyumbuki hivyo kwenda juu na chini. Kinachomeza mashimo ni upepo ndani ya tairi. Kama fremu na breki zinaruhusu, vaa upana wa milimita 32 hadi 38, na umzuie kijana wa pampu asijaze mpaka liwe jiwe. Mwenye kilo 75 kwenye tairi la 35, psi 50 hivi, kwa kipimo cha pampu, zinamtosha, la nyuma lijae zaidi kidogo kuliko la mbele.

Rafiki yangu ana ya kaboni ya kilo 8, yangu ya chuma ni kilo 11 na nusu. Tukipanda Mombo kwenda Lushoto ananiacha vibaya. Nibadilishe?

Tupige hesabu. Wewe, baiskeli na maji mnafika kama kilo 85. Tofauti yenu ni tatu na nusu, yaani asilimia nne. Mlima ule ni wa kilomita 30 na kitu, na unapanda karibu mita 1,000. Ukiutumia saa mbili na nusu, chuma kinakudai dakika sita. Anakuacha kwa ngapi? Kama ni nusu saa, hizo nyingine ni za miguu, na pengine za gia. Baiskeli nyingi za resi za mtumba huja na meno 39 mbele na 25 nyuma, gia za watu wanaolipwa kupanda. Tafuta 34 mbele na 32 nyuma, ukihakikisha kwanza kishusha gia chako, kile cha nyuma kinachohamisha cheni, kinafikia hapo.

Fremu imekatika karibu na ekseli ya nyuma. Fundi wa mageti anasema ataichomelea kwa shilingi elfu chache.

Ukuta wa bomba la geti na ukuta wa bomba hilo si ndugu. Mabomba mazuri ya baiskeli yana unene wa milimita 0.8 au 0.9 kwenye ncha, na katikati hushuka hadi 0.6 au chini yake. Welding ya umeme ya mageti itatoboa, au itaunga vizuri na kukatika pembeni ya kiungo baada ya mwezi. Tafuta fundi wa gesi anayeunga kwa shaba. Moto wake ni wa chini, na fremu nyingi za zamani, zikiwemo za 531, ziliungwa hivyo hivyo kiwandani. Masikio ya nyuma yanatengenezeka. Ikikatika foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, sitaki hata kukusikia ukiuliza. Nunua nyingine, una meno ya kulinda.

Niko Minneapolis, nina Surly Cross-Check. Mwakani narudi Kisumu kabisa. Niiuze au nije nayo?

Njoo nayo, ndugu yangu. Surly, watengenezaji wa fremu yako ya chuma, wako hapo Bloomington, jirani zako, na kwenye fremu hiyo walifanya jambo la akili: masikio ya nyuma yameachana milimita 132.5, katikati ya 130 za resi na 135 za milimani. Ikikufia rimu huku, gurudumu la aina yoyote kati ya hizo mbili litaingia. Kabla hujafunga boksi, fungua ekseli ya kati utazame ndani, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani kwenu wakati wa theluji haina tofauti na ya bahari yetu. Beba kebo za gia za kutosha.

Navaa baibui. Fremu za resi zote naona ni za kiume.

Dada, omba wenye mitumba wakutafutie fremu ambayo bomba la juu limegawanywa kuwa vibomba viwili vyembamba, vinavyoteremka kutoka kwenye usukani hadi gurudumu la nyuma. Wafaransa na Wajapani wameziunda nyingi. Unapanda bila kurusha mguu. Fungia wavu wa kukinga nguo pande mbili za gurudumu la nyuma na kifuniko cha cheni, hapo baibui lina amani.

Pedeli ya kushoto haifunguki. Nimetumia bomba refu na mafuta, wapi.

Unaikaza. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, inafunguka kwa kuelekea mshale wa saa unakokwenda. Weka cheni kwenye gia kubwa ya mbele kabla hujaegemea spana, ikiteleza vidole vyako visikutane na meno. Vyangu vimeshakutana nayo mara mbili.