Bastola ya fremu ya plastiki: isafishwe kwa dawa gani, ipakwe mafuta gani?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Ninamiliki Glock 19 kwa leseni, naishi Mombasa na naibeba kiunoni karibu kila siku. Jirani yangu fundi wa magari anaisifu spreya ya kusafishia breki. Mwenzangu wa kulenga shabaha anasema hiyo itayeyusha fremu kwa kuwa ni plastiki, nitumie WD-40 peke yake. Mama watoto naye anauliza, mafuta ya nazi yana kasoro gani? Nimsikilize nani?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kabla hujagusa chupa yoyote, toa magazini (kasha la risasi lililo ndani ya mpini) kwanza, kisha ndiyo uvute slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, utazame chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kuigusa kwa kidole. Ukigeuza mpangilio huo, magazini itapandisha risasi nyingine chemba huku wewe ukiamini bastola ni tupu. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Nasisitiza hili kwa Glock hasa, kwa sababu haitenganishwi vipande vya kusafishwa mpaka ubonyeze triga.

Sasa fremu, yaani kiwiliwili cha chini chenye mpini. Watu huiogopea bure. Glock iliyopokewa na jeshi la Austria mwaka 1982 ilikuja na fremu ya nailoni, na bastola nyingi za washindani wake zilizofuata zimetumia nailoni pia, mara nyingi ikiwa imetiwa nyuzi za kioo. Nailoni haina ugomvi na petroli, mafuta ya taa, dizeli wala oili. Mwulize huyo jirani yako mirija ya petroli kwenye magari ya siku hizi imetengenezwa kwa kitu gani. Mingi ni nailoni. Inachokichukia ni asidi kali, kama ya betri au ya kusugulia choo, dawa za kuua vijidudu zenye fenoli, na klorini ya kung'arishia nguo kama Jik. Hakuna sababu ya hata kimoja kati ya hivyo kukaribia silaha.

Kwa hiyo mwenzako amekosea kuhusu fremu, lakini tahadhari yake ina mahali pake. Vinavyoharibika ni vile vilivyopachikwa juu ya fremu na slaidi. Rangi nyeupe ya nukta za kulengea hutoka kwa asetoni, tina ya kuyeyushia rangi na baadhi ya spreya za breki. Kioo cha tochi kikiwa ni cha plastiki angavu hufifia na kupasuka nyufa ndogondogo. Kama umefunga kilengeo cha nukta nyekundu, hata dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia usiielekeze huko, maana inakula utando wa kioo. Kipulizie kitambaa, usiipulizie bastola; hapo nusu ya hatari imekwisha.

Spreya ya breki ina kasoro nyingine ambayo jirani yako haioni, kwa sababu kazi yake ni breki, nazo hazitakiwi kuwa na mafuta. Inaondoa kila tone la mafuta na kuacha chuma uchi. Kwa hewa ya chumvi ya Mombasa na jasho la kiunoni, chuma uchi hakikai. Slaidi na mtutu wa Glock vimekomazwa uso kwa dawa kiwandani na vinastahimili sana; springi, pini ndogo na skrubu ya kilengeo ndizo huanza kupiga kutu. Halafu soma mkebe: zipo aina mbili. Zile zenye kemikali za klorini haziwaki moto, lakini mvuke wake ni sumu na ukipata joto kali huzaa gesi mbaya zaidi. Zisizo na klorini huwaka kama petroli. Mimi siitumii kwa bastola ya kubeba. Petroli yenyewe siijadili, hiyo ni ya kuchoma nyumba.

WD-40 ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ukinyeshewa na mvua ya masika, ipulize kwenye kitambaa, pangusa, kisha paka mafuta halisi. Kama mafuta pekee haitoshi: sehemu kubwa yake huyeyukia hewani na utando unaobaki ni mwembamba mno. Isitoshe inapenya. Usiiache karibu na risasi, inaweza kuingia kwenye kitako cha risasi ikaiua baruti.

Nunua nini basi? Dukani kwa muuza silaha aliyesajiliwa tafuta dawa za kazi tatu kwa moja zinazoandikwa CLP, yaani inasafisha, inalainisha na kulinda. Break-Free ni mojawapo. Ballistol ya Wajerumani nayo ni salama kwa plastiki, mbao na ngozi, ingawa wako wasiovumilia harufu yake. Masizi yakiwa mazito ndani ya mtutu, Hoppe's No. 9, dawa ya kuyeyusha masizi, inatosha, ipe dakika zake, ifute, usiilaze humo usiku kucha. Fremu tupu unaweza hata kuisugua kwa mswaki, maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mradi uikaushe barabara, kwa sababu ndani yake kuna reli na springi za chuma.

Ukikosa vyote hivyo, mafuta ya cherehani yanafaa kulainisha. Ya nazi hapana, na umwambie mama watoto kwa upole. Yanaganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24, kwa hiyo safari moja ya Nairobi mwezi wa Julai yatakuwa nta ndani ya slaidi. Mafuta ya kupikia ya majimaji hayagandi upesi hivyo, ila yakikaa yanageuka gundi. Oili chakavu ya gari usiifikirie kabisa, ina chembe za chuma na si salama kwa ngozi yako.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Glock inataka matone machache tu: moja kwenye kila reli, kitambaa chenye unyevu wa mafuta nje ya mtutu na juu ndani ya slaidi mtutu unapogusa, na tone moja kule nyuma kulia ambako upau wa triga unakutana na kiunganishi chake. Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo muhimu kuliko yote. Njia ya pini ya kupigia iache kavu. Mafuta humo yakichanganyika na masizi huwa tope zito na pini haigongi ipasavyo. Chemba pia ikauke. Ukitoka pwani kwenda vumbi la Kajiado au Turkana, punguza zaidi, maana mafuta mengi hukusanya mchanga na mchanga huo unasaga chuma. Na kama bastola ni mpya, ile grisi ya rangi ya shaba ndani ya slaidi si uchafu, imewekwa na kiwanda. Iache.

Fanyia kazi hii mahali penye hewa, vaa glovu, na nawa kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto, kwa kuwa masizi ya risasi yana madini ya sumu. Kwa mazoea yako ya kubeba kila siku, pangusa nje kila wiki kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, pamoja na magazini. Usiku ikifungiwa kwenye sefu, itoe kwenye ala ya ngozi, kwani ngozi hushika jasho na chumvi.