Usitume hiyo elfu tano

Usitume. Nimesoma swali lako nikaacha chai ipoe. Wewe ni mtoto wa mbunge, mpenzi wako wa jinsia yako baba yake askofu, dereva wa kwenu kawapiga picha mkila samaki ufukweni Dunga, Kisumu, anadai elfu tano "ya soda", na bado unauliza mkutanie wapi na kama umwambie dada yako! Weka simu chini kwanza.

Mimi nilituma. Mei 2019, wiki ileile Mahakama Kuu ya Kenya ilipokataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vile vinavyotumika kuharamisha ngono ya jinsia moja. Binamu yangu alikuwa na picha yetu garini kule Menengai, kichwa cha mwenzangu begani mwangu, basi. Akaniandikia "miaka 14" tu, bila salamu, yaani kifungo cha 162. Baba alikuwa mwakilishi wadi, jina letu liko kwenye mabango hadi leo. Nikajifungia bafuni, nikafungulia bomba mama asinisikie, nikatuma 5,000. "Imethibitishwa" haijatoka kwenye skrini, jamaa kajibu: "Mungu akubariki boss."

Siku tisa baadaye, 15,000. Kisha karo. Kisha mabati, naapa, mabati ya nyumba ya mama mkwe wake! Nikauza pikipiki nikasema imeibwa, mzee akaenda kuripoti polisi. Mwenzangu alijua yote kupitia hiyo pikipiki, akaacha kupokea simu zangu. Jumla 186,000. Yule mama mkwe ana paa zuri kuliko letu.

Na aliyenishauri? Rafiki aliyejiita wakili kwa kusoma sheria mwaka mmoja. "Lipa, atanyamaza." Nikimwona Kisumu navuka barabara, nisije nikahitaji wakili wa kweli.

Picha ile haikuwa na bei mpaka nilipoilipia. Wakili niliyempata baadaye alinieleza: 162 inaadhibu tendo la ngono, na watu wawili kukaa garini si tendo. Anayetisha mtu ili apewe hela ndiye mwenye kosa la jinai. Mashirika yenye mawakili wa kesi zetu yapo, hata Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba haki yao ya kusajiliwa isizuiwe. Tafuta hao, si rafiki.

Na usifute kitu. Mimi kwa aibu nilifuta jumbe zake zote. Nilipofika kwa wakili nilikuwa na rekodi za pesa tu, mimi nikimtumia binamu yangu kwa hiari, na ujumbe wangu mmoja uliosalia: "Asante kwa kuelewa."