Mtoto akirudishwa nyumbani, dai barua kwanza

Mpwa wangu alikuwa kidato cha tatu katika shule ya umma ya bweni hapa Kenya. Jumanne moja jioni alifika nyumbani amejitwika sanduku lake la bati, na mkononi ameshika kipande cha karatasi kilichochanwa kutoka kwenye daftari la hesabu. Kilikuwa na maneno machache ya kalamu nyekundu yaliyosema kwamba atafutiwe shule nyingine. Hakikuwa na tarehe wala sahihi, na kosa lenyewe halikutajwa. Mimi ndimi niliyekuwa mlezi wake wakati huo, kwa kuwa mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa amelazwa hospitalini kwa wiki ya tatu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda shuleni na kufanya kosa ambalo nimeliona likirudiwa na wazazi wengi: niliomba msamaha kabla ya kujua mtoto ameshtakiwa nini. Naibu wa mwalimu mkuu alinijibu kwa upole kwamba simu ilipatikana ndani ya godoro la kijana, kwamba uamuzi ulikwisha kutolewa, na kwamba hapakuwa na la kuzungumza. Nilitoka mikono mitupu. Ni rafiki yangu mmoja, karani wa mahakama, aliyeniuliza jioni ile, "Barua iko wapi?"

Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na mamlaka za utawala kwa njia halali, ya busara na yenye kufuata utaratibu wa haki. Na pale haki ya mtu inapoguswa vibaya na uamuzi wao, anastahili kupewa sababu kwa maandishi. Shule ya umma ni mamlaka ya namna hiyo, na mwanafunzi ni mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kufukuzwa shuleni, na kanuni za kumwondoa mtoto aliyeshindikana zinaruhusiwa tu baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kumalizika, na baada ya yeye na mzazi au mlezi wake kusikilizwa. Hata hapo, lazima apokelewe katika taasisi inayorekebisha tabia huku ikimsomesha. Kipande cha daftari hakikukaribia hata hatua ya kwanza.

Kwa hiyo niliandika barua ya ukurasa mmoja. Ningemshauri kila mzazi aandike yake fupi vivyo hivyo, bila matusi na bila vitisho vya mahakama: jina la mtoto na kidato chake, tarehe aliyorudishwa, ombi la kupewa sababu kwa maandishi, na ombi la mtoto kusikilizwa mbele ya bodi ya usimamizi akiwa pamoja na mlezi wake. Nilichapisha nakala mbili, nikaomba nakala yangu ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala nyingine nikaipeleka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Muhuri ule ulikuwa na uzito kuliko maneno yote niliyoyasema siku ya kwanza, kwa maana tangu hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba mzazi hakufika. Siku ya nane tuliitwa.

Sitaki kuficha kwamba simu ilikuwa yake. Haki ya kusikilizwa haikuwekwa kwa ajili ya wasio na makosa peke yao, na nilimweleza kijana njiani kwamba hatuendi kukana. Alisimama mbele ya watu saba, akakiri, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: kwamba kila usiku, taa za bweni zikizimwa, alikuwa akimpigia muuguzi wa wodi kujua kama mama ameamka. Mwenyekiti wa bodi aliivua miwani yake, akakaa kimya kwa muda. Walimpa adhabu ya kufanya usafi wa jikoni kwa wiki mbili, simu ikabaki ofisini hadi mwisho wa muhula, na akarudi darasani siku hiyohiyo.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo nililileta kwa barua ya peke yake: alama za kiboko mgongoni mwake. Hapo hapana adhabu ndogo au kubwa. Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza adhabu ya viboko, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu kinaifanya kuwa kosa la jinai, lenye faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Piga picha siku hiyohiyo, mpeleke mtoto hospitalini, na uhifadhi karatasi ya daktari. Sisemi haya kwa kuwachukia walimu. Marehemu baba yangu alishika chaki miaka mingi, na nayajua madarasa ya watoto sitini.

Bodi ikikataa kusikiliza, mlango wa mahakama uko wazi. Mwaka 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mwanafunzi wa Kibra aliyezuiwa kusoma kwa sababu ya nywele zake za Kirastafari arudishwe darasani, kwa kuwa imani yake inalindwa na Katiba. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kufungua kesi kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, na hakuna ada inayotozwa kuianzisha kesi ya namna hiyo. Mtoto anayepigwa au kunyanyaswa anaweza pia kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, na ni vyema aijue kwa kichwa kabla hajapanda gari la kwenda bwenini.