Ushauri wa mbio si ushauri wa safari: jarida la Vélocio na gia za mlimani

Kijana anayetafuta baiskeli ya safari akija kwangu, swali lake la kwanza ni uzito na la pili ni jina la kampuni. Gia haziulizi. Akiziuliza, anataka kujua baiskeli itakimbia kasi gani kwenye tambarare. Kisha anafunga mzigo wa kilo 15 nyuma, anashika barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na kabla hajauona mji mdogo wa Soni ulio njiani yuko chini anasukuma.

Simlaumu. Karibu kila ushauri wa baiskeli unaomfikia kwenye simu unatoka kwa watu wa mashindano, au kwa watu wanaouza vitu vilivyovaliwa na watu wa mashindano. Ni ushauri mzuri kwa mwenye gari la timu nyuma yake, fundi ndani ya gari, na chupa ya maji anayopewa dirishani. Wewe nyuma yako kuna lori la mbao linapiga honi.

Mgogoro huu wa watu wa mbio na watu wa safari ni wa zamani. Ulipiganwa Ufaransa kwenye kurasa za magazeti zaidi ya miaka mia iliyopita, na upande uliokuwa na akili ndio uliouza nakala chache. Nausimulia kwa sababu kuujua kulinisaidia kuamua nani nimsikilize ninapotengeneza baiskeli yangu, na nadhani utakusaidia na wewe.

Paul de Vivie alizaliwa mwaka 1853 huko Pernes, kusini mwa Ufaransa, akawa mfanyabiashara wa hariri mjini Saint-Étienne. Biashara ilimpeleka mara kwa mara Uingereza, na huko Coventry akakuta baiskeli zimekwisha kuwa kazi ya viwanda. Akaachana na hariri. Mwaka 1887 alifungua duka la baiskeli Saint-Étienne na mwaka huohuo akaanzisha jarida, Le Cycliste Forézien, ambalo mwaka uliofuata lilifupishwa jina likawa Le Cycliste. Mwenyewe alikuwa akitia sahihi kwa jina la Vélocio, na hadi leo wapanda baiskeli wa safari wanamjua kwa jina hilo.

Utasema: mwenye duka na mwenye jarida ni mtu mmoja, si tangazo tupu hilo? Nami niliwaza hivyo. Lakini tazama kilichokuwa kikichapishwa humo. Vélocio alikuwa akitoka usiku, anapanda na kushuka milima siku nzima, kisha anaandika: barabara ilikuwaje, mwinuko ulikuwa mkali kiasi gani, alitumia gia ipi wapi, alikula nini saa ngapi. Wasomaji wakamwandikia na wao, wakampinga, wakaleta hesabu zao. Kundi lake la wapandaji likaja kuitwa shule ya Saint-Étienne, na ubao wa shule hiyo ulikuwa jarida. Mtu akidai kitu, wenzake wanatoka Jumapili kwenda kukijaribu.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu yake. Mwaka 1889 alikuwa akipanda Col de la République, mlima wa mita 1,161 unaoanzia mlangoni mwa Saint-Étienne, kwa baiskeli ya gia moja, akihema. Akapitwa na mmoja wa wasomaji wake, amepachika kiko mdomoni, anavuta tumbaku yake taratibu. Iwe kiko kiliongezwa na wasimuliaji au la, tangu miaka ile Vélocio hakuacha suala la gia. Alianza na mitambo ya ajabu: magurudumu mawili ya meno ya ukubwa tofauti mbele, penye pedeli, ukifika mlimani unashuka na kuhamisha cheni kwa mkono. Baadaye ikawa cheni mbili, moja kila upande. Halafu ndipo vikaja vifaa vya kuhamisha cheni ukiwa juu ya baiskeli. Kila hatua iliandikwa jaridani, pamoja na zilizoshindwa.

Upande wa pili wa mgogoro ulikuwa na pesa. Mwishoni mwa karne ya 19 gazeti kubwa la michezo Paris lilikuwa Le Vélo, likichapishwa kwenye karatasi ya kijani, na mhariri wake, Pierre Giffard, alimtetea Kapteni Dreyfus, ofisa Myahudi aliyesingiziwa uhaini, katika kesi iliyoigawa Ufaransa. Watangazaji wake wakubwa, wenye viwanda kama De Dion, Clément na Michelin, hawakupendezwa. Mwaka 1900 wakaanzisha gazeti lao, L'Auto-Vélo, la karatasi ya njano, wakamweka Henri Desgrange kuwa mhariri. Desgrange hakuwa mgeni wa baiskeli: mwaka 1893 aliweka rekodi ya umbali wa kuendesha kwa saa moja, kilomita 35.325. Le Vélo likashtaki kuhusu jina, likashinda, na Januari 1903 gazeti jipya likabaki na jina la L'Auto. Sasa likawa gazeti la wapenda baiskeli lisilo na neno baiskeli kwenye jina lake, na mauzo yalikuwa mabaya. Kijana mmoja wa ofisini, Géo Lefèvre, akatoa wazo la mbio za kuzunguka nchi nzima. Tour de France ya kwanza ikaondoka tarehe 1 Julai 1903, wapandaji 60, kilomita 2,428. Waliomaliza ni 21. Mshindi alikuwa Maurice Garin. Mwaka uliofuata Le Vélo likafa.

Kwa hiyo ukisikia Tour de France, kumbuka ilibuniwa kuuza gazeti. Na gazeti la kila siku linauzwa kwa mateso. Mpandaji akipanda mlima ametulia, hakuna habari. Akianguka, akilia, akibeba baiskeli begani, asubuhi watu wanapanga foleni. Hapo ndipo msimamo wa Desgrange juu ya gia unapoeleweka.

Mwaka 1902 chama cha utalii cha Touring Club de France kiliandaa jaribio la baiskeli kwenye milima ya Pyrenees, likipita Col du Tourmalet, mita 2,115. Mwanamke mmoja, Marthe Hesse, alipanda kwa baiskeli ya Vélocio, Gauloise, yenye gia tatu, na habari iliyoenea ni kwamba hakuweka mguu chini. Desgrange alijibu gazetini kwa kejeli: gia ni za watu waliopita miaka 45, wazee wetu wakafurahie, yeye apewe gia moja isiyobadilika. Vijana wakacheka naye.

Sasa ruka miaka minane. Mwaka 1910 Tour inapelekwa Tourmalet kwa mara ya kwanza. Octave Lapize, ambaye ndiye aliyekuja kushinda Tour ya mwaka ule, anafika juu akisukuma baiskeli kwa mkono. Gustave Garrigou anapanda mlima wote bila kushuka na anapewa zawadi ya faranga 100, kwa kuwa lilionekana jambo la kustaajabisha. Mwaka 1913 Eugène Christophe anavunjikiwa uma unaoshika gurudumu la mbele kwenye mteremko wa Tourmalet huohuo, anatembea kilomita zaidi ya kumi hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, anaingia kwa mhunzi na kuuchomea mwenyewe, maana kanuni zilikataza kusaidiwa. Akaadhibiwa kwa sababu mtoto alimvutia mvukuto. Hadithi hiyo imeuza magazeti, vitabu na sanamu. Safari ya Marthe Hesse wachache wanaijua.

Tour ilikuja kuruhusu kifaa cha kuhamisha cheni mwaka 1937, Desgrange alipokuwa ameachia usukani. Roger Lapébie akaitumia ruhusa hiyo na akashinda. Hesabu mwenyewe: miaka 35 tangu jaribio lile. Kwa muda wote huo, kijana wa Paris aliyesoma L'Auto aliamini gia ni aibu, na mzee wa Saint-Étienne aliyesoma Le Cycliste alikuwa anapanda Alps na kula chakula chake juu.

Basi haya ndiyo ninayokushauri.

Hesabu meno ya gia, ya mbele penye pedeli na ya nyuma penye gurudumu, kabla ya kuuliza bei. Baiskeli zetu za kawaida za gia moja, kwa kila mzunguko wa pedeli, gurudumu linazunguka mara mbili na ushee. Hiyo ni kama mita tano mbele kwa kila mzunguko. Tambarare ni raha. Kwenye mwinuko na mzigo, magoti yako ndiyo yanayolipa. Kwa safari za milima tafuta gia ndogo ya mbele ambayo meno yake hayazidi ya gia kubwa ya nyuma, kwa mfano 32 kwa 32, au bora zaidi 28 kwa 32. Hapo kila mzunguko unakusogeza mita mbili tu, polepole kama mtu anayetembea, lakini umekaa na unapumua. Baiskeli nyingi za mtumba za milimani zenye gia tatu mbele tayari zinayo hiyo. Tatizo ni kwamba mafundi wetu wengine, ukipeleka gia zinazoruka, wanakushauri uzing'oe zote na kukata cheni iwe fupi. Kataa. Mara nyingi ni kebo iliyopata kutu au cheni iliyochoka, na vyote viwili ni rahisi kuliko kununua magoti.

Kwenye barabara ya Lushoto nilijionea mwenyewe tofauti hii kwa baiskeli ileile, mzigo uleule, baada ya kubadilisha meno ya mbele tu. Zile kona za juu ya Mombo, ambazo ukuta wa jiwe uko upande mmoja na bonde upande mwingine, nilizipanda nikiweza kuongea. Watoto waliokuwa wakinikimbilia, ambao walichoka kabla yangu, walikuwa wakinicheka jinsi miguu inavyozunguka haraka na baiskeli haiendi. Wacheke. Nilifika Soni na hamu ya kula.

Na kula ndiko kulikomfanya Vélocio akumbukwe na hata wasiojali gia. Aliacha amri saba za msafiri, na ya kula ndiyo niliyoipima zaidi: kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu. Unaijua? Huenda. Unaifuata? Angalia mfuko wako wa mbele saa tatu baada ya kuondoka. Kama andazi bado liko zima, huifuati. Mimi huweka ndizi mbivu na kashata mahali mkono unapofika bila kusimama, na chupa moja ina maji, nyingine maji yenye sukari na chumvi kidogo. Njaa ya baiskeli haikupi taarifa. Dakika moja unakwenda, inayofuata mikono inatetemeka na unachukia kila mtu. Ikishafika hapo, hata ukila sahani nzima ya wali, itakuchukua muda mrefu kurudi.

Nyingine nazitaja haraka. Mapumziko yawe machache na mafupi, mwili usipoe. Vaa kabla ya baridi, vua kabla ya joto, na hili linahusu sana anayeshuka Usambara asubuhi akiwa amelowa jasho. Usijichoshe hadi ukashindwa kula na kulala. Usilazimishe mwendo, hasa saa za mwanzo. Asubuhi miguu ina uongo mwingi. Usikanyage pedeli kwa ajili ya majivuno, na hiyo nawasomea wale wa kikundi chetu wanaotaka kukimbizana na pikipiki.

Iko amri moja nisiyomfuata: barabarani usinywe mvinyo, usile nyama, usivute tumbaku. Mvinyo na tumbaku sina ugomvi. Yeye alikuwa hali nyama kabisa, na alifika uzeeni akiwaacha vijana nyuma milimani. Ila mshikaki wa jioni, safari ikiwa imekwisha, nitaendelea kuutetea.

Jambo la matairi nalo msilipuuze, maana aliandika pia kutetea matairi mapana wakati mtindo ulikuwa membamba yaliyojazwa upepo hadi kuwa mawe. Kwenye changarawe zetu, tairi pana lenye upepo wa wastani linakwenda vizuri na linakuhurumia mgongo. Watu wa mashindano wameanza kukubali hilo miaka ya karibuni tu.

Vélocio alifariki mwaka 1930, akigongwa na tramu mjini kwake huku akiisukuma baiskeli yake kwa miguu. Jarida liliendelea baada yake, na kila mwaka watu bado wanakusanyika Saint-Étienne kupanda Col de la République kwa heshima yake, ambako kuna mnara wake. Mlima huohuo ulipitiwa na Tour ile ya kwanza ya mwaka 1903, kwa gia moja.

La mwisho, na hili nimelichukua moja kwa moja kutoka kwenye desturi ya jarida lake: andika. Kikundi chetu kina kundi la WhatsApp ambalo zamani lilikuwa picha tupu, watu na baiskeli na machweo. Sasa anayerudi safari anaandika meno ya mbele na ya nyuma, uzito wa mzigo, mahali alipoanza kusukuma, alichokula na saa aliyokula. Mwezi kwa mwezi limejaa maelezo ya barabara ambazo hakuna video itakayokuonyesha: wapi lami imekwisha, kilima gani kinadanganya, duka gani lina maji baridi. Anayeweka picha bila meno ya gia zake tunamrudishia akajaze.