Unataka kununua ndege ndogo uiweke Malindi? Soma hii kwanza

Naona siku hizi vijana wa huku Pwani wakimaliza kozi ya urubani, na hata wenye vihoteli vyao Watamu na Shela, wanaulizia kununua ndege ndogo, Cessna 172 hivi ama 182, waiegeshe Malindi wawe wanaenda Lamu na kurudi. Sikatazi mtu. Kutoka hapa mpaka uwanja wa Manda ni kama kilomita 140 hewani, dakika arubaini na kitu kwa 172, na ukiifikiria ile barabara ya Garsen na vizuizi vyake unaelewa kabisa hamu inatoka wapi. Shida ni kwamba maswali ni yale yale kila siku, bei ngapi, inabeba watu wangapi, inakunywa lita ngapi (kama 30 hadi 35 kwa saa kwa 172, haya nshajibu), hakuna hata mmoja anaeuliza kuhusu chumvi, na chumvi ndio itakayokula pesa zako kuliko petroli.

Kusi ikishaanza kuvuma, pitisha kidole kwa bawa asubuhi alafu ulambe, utajua nasema nini. Bodi ya hizi ndege ni alumini iliyochanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu, na hio shaba ndio inafanya iliwe na chumvi haraka, kwa hio kiwandani bati nyingi zinavikwa ngozi nyembamba ya alumini safi juu yake. Ngozi hio ikikwaruzwa, kazi imeanza. Na usisubiri kuona wekundu, kutu ya alumini ni unga mweupe, ama rangi inavimba na kuchora vinjia vinjia kama mdudu amepita chini yake. Mimi nikiitwa kuangalia ndege ya mtu siendi kwa injini kwanza, naenda kwa bawaba za flapu (vile vibawa vya kuteremsha nyuma ya bawa), chini ya betri, chini ya kapeti ya kebini, mahali skrubu za chuma zimeshika bati, na tumboni nyuma karibu na mkia ambapo maji hukaa. Kule tumboni kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, vizibue, utashangaa ni ndege ngapi vimezibwa na rangi mpya aliyopiga mtu anaetaka kuuza.

Ioshe kwa maji baridi mara kwa mara, ila maji ya bomba, sio ya kisima. Visima vingi vya Malindi vina chumvi chumvi, hapo utakua unaosha chumvi kwa chumvi. Ikauke, ipigwe waksi. Alafu kila mwaka ndani ya mabawa na mkia ipulizwe dawa ya kuzuia kutu, ACF-50 ama CorrosionX, yoyote fundi wako anayoizoea. Wenzetu wenye majahazi hawapeleki chombo majini bila kukipaka deheni na hakuna anaewaambia wanaharibu pesa, lakini mtu na ndege yake ya mamilioni ukimwambia dawa ya kutu anakuangalia kama unamwibia. Usisugue alumini kwa brashi ya waya wa chuma wala steli wuli, zile chembe za chuma zinabaki mle na kuanzisha kutu mpya. Na usifunike ndege kwa turubai la plastiki, unyevu unafungiwa ndani, bora ikae wazi kivulini kama huna kava ya kitambaa kinachopumua.

Sasa injini. 172 nyingi zilizotoka 1968 kuendelea zina Lycoming, na Lycoming hizi shafti ya kamu, ile inayofungua valvu, iko juu kabisa ya krankshafti. Maana yake ni nini, ndege ikikaa bila kuruka oili yote inateremka chini na ile kamu inabaki kavu, na kwa hewa yetu hii haichukui muda kushika kutu. Ukija kuwasha, zile chembe za kutu zinasagana na tapeti na safari ya kuelekea overholi, injini kufunguliwa yote na kujengwa upya, imeanza na wewe hujui. Ndio maana nasema injini ya Pwani haifi kwa kuruka, inafa kwa kukaa. Na kuna mchezo watu wanaupenda, mwenyewe yuko Nairobi anamwambia askari wa hanga ama kijana wake "niwashie dakika kumi kila Jumamosi", ati injini isilale. Hio ni mbaya kuliko kuiacha. Kuwasha chini hakufikishi oili joto la kukausha maji yaliyomo, inataka kama nyuzi 80 kwenda juu na ikae hapo muda, kwa hio unachofanya ni kuongeza maji ndani ya oili na kufunga mlango. Ama iruke saa nzima ya kweli kweli, ama iache na uiwekee dawa ya kulaza injini kama kitabu kinavyosema.

Oili badilisha kila saa 50 za kuruka ikiwa una filta kamili, 25 kama ni chujio la wavu tu, ama miezi 4, chochote kitakachotangulia. Watu wote wanaikumbuka ile 50, ile miezi 4 hakuna anaeikumbuka, na huku kwetu ndio ya maana zaidi. Filta ikitolewa usikubali itupwe, ikatwe, karatasi ifunguliwe juani uone kama kuna vimetameta.

Kwa ununuzi, msomee muuzaji madaftari yake, la bodi, la injini na la propela, ukurasa kwa ukurasa. Tangazo litakwambia injini ina saa 600 tu tangu overholi. Sawa, lakini overholi ilikua mwaka gani? Kwa O-320, ile injini ya 172 nyingi za zamani, Lycoming wanasema saa 2,000 ama miaka 12, na injini ya saa 600 iliyokaa miaka 20 kando ya bahari mimi nahesabu ni injini ya kufunguliwa, bei ishuke hapo hapo. Lipia fundi wako mwenyewe, sio wa muuzaji, aingize kamera ndogo kwa matundu ya plagi aangalie silinda ndani. Angalia pia maagizo ya lazima ya usalama yote yametekelezwa na kusainiwa. Kwa Cessna kuna lile la reli za viti, zikilika kiti kinateleza nyuma wakati wa kupaa, rubani anashikilia usukani ili asianguke, pua inainuka, basi. Wewe mwenyewe unaweza kutikisa kiti kabla ya kulipa, ni bure.

Ukiniuliza, ndege iliyokulia uwanja wa Wilson, Nairobi, ni bora kuliko iliyokulia pwani ya nchi nyingine yoyote, kule juu hakuna chumvi. Ila ukiijaribu kule usione ni dhaifu, uwanja uko juu futi 5,500 na injini isio na tabo (turbo) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000. Ikishuka Malindi utaona imekua kijana. Ni kinyume chake ndio hatari, mtu amezoea kupaa hapa usawa wa bahari mchanganyiko wa hewa na petroli umejaa petroli, anaenda Wilson na watu wanne mchana wa jua, hapunguzi petroli kwa kile kifundo chekundu cha mchanganyiko, na ranwei inaisha anaiona.

Makarani wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, hawaangalii sura, kila kazi iandikwe na isainiwe na fundi mwenye leseni. Mafundi wengi na spea ziko Wilson, kwa hio kwenye bajeti yako weka safari ya kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 400 kila upande, kila ukaguzi wa saa 100 na ule wa mwaka. Ukienda usiiache ukatokomea mjini, kaa hapo, shika tochi, uliza maswali mpaka wakuchoke.

Petroli ya ndege ni ya buluu. Ukitoa sampuli ikaja nyeupe kama maji ama ya manjano manjano, usiwashe, inaweza kua ni mafuta ya jeti na injini ya plagi itapasuka nayo muda mfupi baada ya kupaa. Usidhani utaikuta kila uwanja pia, piga simu kabla hujatoka. Masika ikipiga, mipira ya vifuniko vya tanki ikiwa mizee maji yanaingia, yanakaa chini, kwa hio toa sampuli kila tundu kila siku ya kuruka. Na kunguru! Kunguru wa Malindi ana kiota ndani ya kava la injini kabla hujamaliza chai, ziba matundu ya mbele. Ile bomba ya kupima mwendo vilevile iwe na soksi yake, nyigu wanapenda kujenga mle, na mwezi Februari 1996 ndege kubwa ya Birgenair ilianguka baharini kule Puerto Plata na watu 189, na kilichoshukiwa zaidi ni nyigu kwenye bomba kama hio.

Alafu kuna kuboresha. Najua mnachotaka ni skrini, wallahi kila mtu anataka skrini. Mimi ningeanza na kifaa cha kuonyesha joto la kila silinda peke yake, kinakwambia valvu inaungua wakati bado ni kazi ndogo. Pili kengele ya dharura ya masafa ya 406, ile inayoita setilaiti ndege ikianguka, kwa sababu zile za zamani za 121.5 setilaiti ziliacha kuzisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009, na sisi tunapita juu ya mikoko na maji ya Kipini mpaka Manda, kule chini nani atakuona. Majaketi ya kuokolea hayahitaji hata fundi. Ndio sasa uje kwa jairo za umeme, vile vyombo vinavyoonyesha ndege imelala ama imenyooka, uachane na ile pampu ya vakyumu inayoziendesha za zamani na kufa bila kuaga. Kitu kikiwa na kibali cha Marekani usidhani kimeshakubaliwa Kenya, uliza KCAA kabla ya kulipa dola. Ukifunga vipya ng'oa waya na vibox vya zamani, vingine vimekufa miaka na bado unavibeba, na uzito wa ndege uandikwe upya.

La mwisho, usinunue peke yako kama sio lazima. Watu watatu wanne wakishirikiana ndege inaruka kila wiki na gharama inagawanyika, lakini muandikiane, kila saa inayorushwa iingize kiasi fulani kwa akaunti ya injini ambayo hakuna anaeigusa, na mkubaliane nani analipa akivunja gurudumu. Na nafasi ya kuegesha kivulini kaulizie uwanjani kabla ya kumpa muuzaji depoziti, maana hanga ni chache na foleni ipo.