Maswali ya Madereva: Ukigongwa, Usikimbilie Kumalizana

Nimegongwa kwa nyuma kwenye foleni. Aliyenigonga anataka tumalizane kwa laki mbili. Mimi nina bima ndogo tu. Nizipokee?
*Msomaji, Kimara, Dar es Salaam*

Usizipokee kwanza. Bima ndogo yako hailitengenezi gari lako. Inalipa madhara unayowasababishia wengine. Lakini aliyekugonga naye ana bima, na hata kama ni ndogo, wewe kwake ndiye huyo mwingine. Kwa hiyo unadai kwenye kampuni yake, si kwenye kampuni yako. Madereva wengi hawalijui hili, wanaishia kuchukua chochote wanachopewa barabarani.

Laki mbili huenda ikatosha kunyoosha na kupaka rangi bampa. Tatizo ni vilivyo nyuma ya bampa: chuma kinacholishika, sakafu ya buti, sensa za kurudi nyuma, wakati mwingine chesisi yenyewe. Havionekani mpaka fundi afungue. Ukishasaini kwamba mmemalizana, itakuwa vigumu sana kurudi kudai kilichobaki.

Washa hazadi, weka pembetatu nyuma ya gari, kisha piga picha kabla hamjasogea: namba za magari yote mawili, yalivyosimama, mahali palipogongwa. Piga picha leseni ya dereva pia. Ukiwa na namba ya gari lake, unaweza kuhakiki papo hapo kwenye mfumo wa TIRAMIS, ulio chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kama bima yake ni hai. Kukiwa na majeruhi, awahishwe hospitali, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) itafuata. Magari yasisogezwe mpaka trafiki wapime na kuchora ramani, isipokuwa kama lazima kumtoa mtu.

Polisi watakupa fomu tatu za kupeleka bima: PF 115 ya taarifa ya awali, PF 93 ya ukaguzi wa gari, na PF 90 ya taarifa ya mwisho. Inayochelewa ni PF 90, kwa kuwa husubiri suala liishe, mkosaji akilipa faini au kesi ikiamuliwa. Usikae ukiingoja. Iarifu kampuni ya aliyekugonga mapema kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na tafadhali, gari lisifunguliwe gereji kabla mthamini wa bima hajaliona. Hapo ndipo madai mengi halali yanapoharibika.

Gari langu lina thamani ya milioni 16. Wakala ananishauri niandike milioni 8 ili bima kubwa iwe nafuu. Kuna ubaya?
*Msomaji, Morogoro*

Upo, na ni mkubwa. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, utalipa 280,000 badala ya 560,000, kabla ya VAT. Ila umekatia bima nusu ya gari. Ukipata ajali ya matengenezo ya milioni 4, kampuni ina haki ya kukulipa nusu, yaani milioni 2, kisha ikate na kile kiasi ambacho mkataba unakutaka uchangie mwenyewe. Likiibwa, hupati zaidi ya milioni 8. Wakala anayekushauri hivyo hakutakii mema.

Gari langu ni la binafsi, lakini jioni nafanya teksi mtandao. Bima yangu itanilipa?
*Msomaji, Arusha*

Ukipata ajali ukiwa na abiria wa kulipa, kampuni inaweza kukataa, maana mkataba wako unasema matumizi binafsi. Badilisha matumizi kabla ya safari inayofuata. Ada itapanda, na ni sawa ipande: gari la biashara liko barabarani muda mrefu zaidi. Kampuni ikikukatalia dai lolote bila sababu ya maana, lalamika kwake kwa maandishi. Isipokuridhisha, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwa nini tochi ya trafiki ya kupima mwendo hunikamata mwishoni mwa kijiji, nyumba zimeshakwisha?
*Msomaji, Singida*

Kwa sababu spidi ya kilomita 50 kwa saa haiishii kwenye nyumba ya mwisho, inaishia kwenye kibao cha kuimaliza. Subiri ukipite ndipo ukanyage mafuta. Kwa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, kwa 50 mita 14, na hapo katikati kuna watoto wanaotoka shule.