Mhakiki, mkosoaji, na nyimbo zisizoimbwa

SWALI: Ninaandika kutoka Kisumu. Ninaandaa makala kuhusu namna albamu ya Max Richter iitwayo Sleep ilivyopokewa, nami nimeandika hivi: "Mwimbaji huyu alitoa nyimbo 31 na wakosoaji wakazisifu." Mwenzangu anashikilia kwamba mkosoaji hawezi kusifu. Je, niandike wakosoaji au wahakiki?

JIBU: Andika wahakiki. Kukosoa kumetokana na kosa, na anayekosoa huonyesha kasoro ili zirekebishwe. Kuhakiki kumetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi ule ule uliotupa haki na hakika, na anayehakiki huichunguza kazi mpaka ajue thamani yake, iwe ya kusifiwa au ya kulaumiwa. Hata hivyo, mkosoaji amekwisha kuzoeleka magazetini kwa maana hiyo pana, nami sitagombana na mtu kwa ajili yake.

Kinachonikera ni maneno mawili ambayo wewe wala mwenzako hamkuyatilia shaka: mwimbaji na nyimbo. Wimbo ni kitu kinachoimbwa. Jina hilo limezaliwa na kitenzi imba, na pasipo kinywa cha kuimba hakuna wimbo. Richter ni mtunzi na mpiga piano. Albamu yake hiyo ya mwaka 2015, inayochukua zaidi ya saa 8 ili msikilizaji alale nayo usiku kucha, imejengwa kwa piano, ala za nyuzi, ogani na mitambo ya kielektroniki. Ipo sauti ya soprano, yaani sauti ya juu ya mwanamke, katika baadhi ya vipande, lakini haitamki neno lolote, bali hupanda na kushuka kama ala mojawapo. Ilipopigwa moja kwa moja redioni kutoka London mwezi Septemba mwaka huo, kuanzia saa 6 usiku hadi saa 2 asubuhi, wasikilizaji waliohudhuria waliandaliwa vitanda. Sasa mhakiki anayetaka kueleza kwa nini kazi ya namna hiyo imependeza au imechosha ataanzia wapi, ikiwa kila kipande amekwisha kukiita wimbo? Msomaji atauliza maneno yake yanasemaje, kiitikio kiko wapi, ujumbe ni upi. Asipovipata, ataamini kwamba albamu ina upungufu, ilhali upungufu uko katika neno alilopewa. Lawama ya kwamba "nyimbo zake hazina ujumbe" huzaliwa papo hapo, nayo ni dhuluma kwa mtunzi ambaye hakuahidi ujumbe wa maneno hata mara moja.

Wala tusisingizie uhaba wa msamiati. Taarabu ya Zanzibar ina bashrafu, kipande cha ala tupu ambacho kikundi hukipiga kabla ya waimbaji kuinuka, na sijamsikia mpenzi wa taarabu akikiita wimbo. Huku kwetu Nyanza, anayesikiliza nyatiti anajua fika tofauti kati ya pale mpigaji anapoimba sifa za mtu na pale anaponyamaza akaziachia zile nyuzi 8 nafasi. Kakamega nako ngoma za isukuti hupigwa na nyimbo zinazoandamana nazo huimbwa, na hakuna Mwisukha anayevichanganya vitenzi hivyo. Itakuwaje basi tuvichanganye kwa sababu tu muziki umetoka Ulaya na umeitwa neoklasiki, yaani muziki wa sasa unaofuata nyayo za ule wa klasiki? Tuna kipande, tuna utunzi, tuna muziki wa ala.

Na hata panapoimbwa, wimbo ni mmoja na nyimbo ni nyingi. Ile "nyimbo hii" tunayotangaziwa redioni kutoka Nakuru hadi Busia haina utetezi wowote.

Sentensi yako iwe hivi: "Mtunzi huyu alitoa albamu yenye vipande 31 na wahakiki wakaisifu." Kisha uwaeleze wasomaji wako kilichosifiwa ni nini hasa, kama ni mwendo wake wa polepole, kurudiarudia kwake au urefu wake, maana "wakaisifu" peke yake haijawaambia kitu.